Mukaka Kahongya na Televizyo ya Macho Mawili

Mama wa bwana yangu anaitwa Kahongya, lakini nyumba yote inamuita mukaka, ni kusema bibi. Eko na jicho moja la kuona. Lile lingine lilikufa zamani kule Vuhovi, kijiji chake, kipande cha kuni kiliruka wakati alikuwa anapasua. Hakulilia sana. Anasema jicho moja linatosha kwa kuchagua maharagi, la pili lilikuwa linalala tu.

Alikuja kwetu Butembo wakati batu ba bunduki baliharibu njia ya mashamba. Ramazani, bwana yangu, anabeba mizigo na camion, lori, kati ya Kirumba na Beni. Akapita kumuchukua, akamukalisha mbele kama mukubwa wa serikali, kuku yake juu ya magoti.

Lakini kila asubuhi tulimukuta karibu na mulango, leso imefungwa, kitunga chake kiko tayari.

— Mama, unaenda wapi? Ramazani anauliza.

— Kwangu. Maharagi itavunwa na nani?

— Jirani yako alienda kuvuna. Alirudi?

— Hakurudi. Lakini hapa mimi ni mugeni. Nikishika ufagio, munanyanganya. Nikishika sufuria, Mama Amina ananiambia pumzika. Mutu anaweza kupumzika mpaka anaoza.

Mama Amina ni mimi. Nikaendelea kumunyonyesha Amina. Nilikuwa naogopa asubuhi moja tutachelewa kuamuka, na yeye atakuwa amekwisha kwenda na miguu.

Ndipo Ramazani akaleta televizyo. Kubwa kama mulango, ilikuwa imetumika Dubai, ikapita mupaka wa Kasindi juu ya camion. Ilikuja na lunettes, ni kusema miwani, ine za plastiki, lakini télécommande, kile kidude cha kuiongoza kwa mbali, ilibakia huko ilikotoka.

— Ndani yake ng'ombe anatoka mpaka hapa kwa pua yako, akamuambia mama yake. Utaona mashamba karibu kuliko kule Vuhovi. Utakaa.

Mupangaji wetu, Monsieur Mukendi, alitoka Kasaï, anafanya kazi ya Leta, ni kusema serikali. Yeye alitufasiria.

— Iko picha mbili, moja juu ya ingine. Kila kioo kinaachia picha moja tu. Jicho la kuume linapata yake, la kushoto yake, kichwa inaziunganisha. Basi kitu kinaonekana kinatoka.

— Na kama mutu hana lunettes? nikauliza.

— Anaona zote mbili.

Ijumaa kisha swala tulifunga rideaux za madirisha, bajirani bakajaa. Tembo ikaja, ikanyoosha mukono wake inje ya kioo. Monsieur Mukendi aliangusha chai juu ya suruali yake ya kazi. Ramazani, mwenye kuendesha camion kwenye matope ya milima, aliingia nyuma ya kiti. Mukaka alikuwa na lunettes kama sisi, alikaa tu.

— Mukaka, hauone ile tembo? nikamuuliza.

— Naiona. Iko ndani ya sanduku yake. Ninyi munakimbia nini?

Habari ikaenea kwa mutaa kwamba Kahongya haogopi tembo. Bamama bakaanza kuja, mwenye kuvaa lunettes anashika kwanza kitenge cha mukaka, kisha anaangalia. Yeye anabakia katikati kama nguzo ya nyumba, anapiga miayo.

Baada ya juma moja, kichwa zikaanza kuuma. Monsieur Mukendi alifunga kitambaa cha maji kwa paji la uso, akawa anashuka ngazi yetu, yenye daraja moja, kama mutu anashuka mulima wa Ruwenzori. Ramazani alisimamisha camion kwa nguvu, kwa njia ya Kirumba, kwa sababu ya mbuzi ilikuwa ingali mbali kabisa. Viazi vya bateja vikamwangika. Na bale habana lunettes banaona kila ng'ombe na mwenzake nyuma yake. Mama Bénite, jirani wetu, akasema:

— Hii televizyo iko na malaria. Inatetemeka.

— Kwa télécommande iko bouton ya kuondoa hiyo 3D, hiyo picha ya kutoka inje, Monsieur Mukendi akasema.

— Télécommande iko Dubai, Ramazani akajibu. Uifuate.

Na asubuhi, kitunga kilikuwa kingali pa mulango.

Siku ile Mama Bénite alikaa karibu na mukaka, macho yake inalia maji. Kwetu mutu hakule na mugeni anameza mate: hata kiazi kikiwa kimoja, kinavunjwa. Mukaka akamuangalia. Akavua lunettes, akazivunja hapo kwa pua, tak, akamupa nusu.

Ramazani akasimama.

— Mama, ile kitu inavunjwa?

— Jicho langu ni moja. Hiki kioo cha pili kilikuwa kinaangalia nani?

Mama Bénite akaweka kioo kwa jicho, lingine akalifunika na kiganja. Akaangalia.

— Ng'ombe eko mumoja, akasema. Na ametulia.

Monsieur Mukendi akafikiri, kisha akavunja zake.

— Lakini basi, 3D imekwisha.

— Na kichwa? nikauliza.

— Kichwa pia inakwisha, akasema pole pole, akafungua kitambaa.

Tukavunja zote. Sasa tulikuwa banane, kila mutu na kioo chake, tunaangalia picha moja, kama televizyo ya zamani tuliyouzisha. Lakini mukono mumoja unashika kioo, wa pili unafunika jicho. Karanga zilikuwa kwa sinia, hakuna mwenye kuzigusa. Mutu mumoja tu alikuwa hana jicho la kufunika.

Mukaka akaangalia mukono wake mutupu. Akavuta sinia.

— Fungua kinywa, akamuambia Monsieur Mukendi. Wewe, Bénite, hapana tafuna na kelele. Ramazani, ngojea zamu yako, uko mutoto wangu si mugeni.

Akatulisha bote, akapangusa vidomo vya batoto, akatugombeza mpaka jioni. Kesho yake tuliamuka, mulango ulikuwa mutupu. Kitunga kilikuwa kwa jiko, kimejaa karanga, naye anazikaanga. Nilitaka kusema pumzika, nikajizuia.

Kisha Ramazani alienda Beni, akarudi. Nilipofua suruali yake nilipata mufukoni télécommande, mupya, na bouton yote. Nikaipangusa maji, nikaificha ndani ya mufuko wa unga wa mihogo, chini kabisa, mukaka asirudi tena kwa mulango. Ramazani hajaniuliza.