Punje Mbili za Kahawa

Mchungaji wetu alichimba kaburi la mama yangu kwa mikono yake mwenyewe, tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, na lilipokuwa tayari hakulisomea hata neno moja. Hapakuwa na wimbo. Kengele ya kanisa, ambayo siku zote tuliisikia vizuri kutoka kibanjani kwetu, kwenye migomba yetu, haikupigwa.

Hayo niliyaona. Yaliyotangulia ni haya.

Baba alifariki miaka michache baada ya vita vikuu vya pili, mimi nikiwa nimeolewa ng'ambo ya bonde, upande wa Bweranyange. Kwa desturi ya ukoo wetu mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na baba mdogo alikuwa na mke tayari. Mama angeweza kukataa. Lakini aliyekataa aliondoka, na kuondoka kulikuwa kuiacha migomba aliyoipanda na kaburi la mumewe lililokuwa katikati yake. Akabaki. Baraza la wazee wa kanisa likakaa, likamtenga kwa kuwa mke wa pili. Aliruhusiwa kuja ibadani na kuketi benchi la nyuma kabisa, ila Meza ya Bwana alizuiliwa.

Mchungaji alikuwa mtu wa huku huku, mtoto wa mfugaji. Alituhudumia sisi wakulima pamoja na wafugaji waliokaa na ng'ombe kwenye mbuga za kuelekea Isingiro, na wote aliwafuata kwa miguu. Kwa wafugaji aliulizia kwanza ng'ombe, kwa majina yao, ndipo aulize kwa nini watu hawakuonekana kanisani. Mgonjwa akibebwa kwenye machela, naye alitia bega. Sikupata kusikia mimbarani neno aliloambiwa jikoni kwa mtu. Na waliotengwa aliwatembelea mara nyingi kuliko wengine, jambo lililowakera wazee.

"Mchungaji, njia yako siku hizi inapinda sana," mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu, alimwambia nikisikia.

"Nyumba za watu hazikujengwa kwenye mstari, mzee wangu."

Alasiri moja wawili hao walifika kwa mama. Nilikuwapo, nimekuja kumsaidia kuanika kahawa. Mchungaji alituamkia, akaingia, akaketi. Mzee alibaki mlangoni. Mama akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, ambayo kila mgeni kwetu hupewa.

Kikapu hicho kina uzito wake. Watu wenye kesi kati yao hawatafuni kahawa pamoja. Aliyekosewa akipokea punje na kuitafuna mbele ya aliyemkosea, kesi imekwisha, wala hakuna haja ya kulisema. Tangu mama atengwe, hakuna Mkristo aliyekuwa ameingiza mkono katika kikapu chake.

Siku hiyo mama alianza na mzee.

"Meno yangu yamezeeka, mama," mzee akasema.

"Ndiyo yale yale niliyoyaona juzi yakivunja muwa."

Mchungaji akacheka. Akachukua punje mbili, akazitafuna taratibu, akaomba pamoja nasi, wakaenda zao.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza. Mama alijifunga kitambaa cheupe, akalipita benchi lake la nyuma, akaenda mbele na kupiga magoti kati ya washiriki. Nilidhani amerudishwa kundini na mimi sikupata habari. Mchungaji alikuja na mkate, mkono hadi mkono. Alipofika kwa mama akasimama, kama mtu anayetafuta jina. Wazee walikuwa wakimtazama. Kisha akampita, akampa aliyefuata. Mikono ya mama ilibaki imekingwa mpaka safu yote ilipoinuka.

Tulirudi pamoja hadi kijitoni.

"Alitafuna," mama akasema. "Uliona."

"Niliona, mama."

"Punje mbili."

Hakukanyaga tena kanisani. Mchungaji alikuja mara tatu baada ya hapo. Mama alimpa kigoda, akamwuliza habari za nyumbani, lakini kikapu hakukitoa. Mara ya tatu mchungaji alisema, "Mama, nimekukosea."

"Kwa kutafuna, au kwa kunipita?"

Nilikuwa nikimenya ndizi pale pale. Mchungaji aliitazama mikono yake, akaaga.

Homa ilimchukua mama mwanzoni mwa kiangazi, kwa siku nne. Baba mdogo na wanaume wa ukoo walikuwa mbugani na ng'ombe. Majirani Wakristo walikuja kulia nasi, lakini hakuna aliyeshika jembe, kwa kuogopa kuitwa barazani. Mchungaji alifika bila joho, akauliza mahali, nikamwonyesha, kando ya baba.

Yule mzee alikuja akasimama penye migomba.

"Mchungaji, ukimsomea, baraza litakuita."

"Sitamsomea. Baraza halijamrudisha."

"Na hilo jembe?"

"Jembe halina baraza."

Ardhi ilikuwa kavu, alichimba akipumzika mara kwa mara. Tulipomshusha mama alishika upande wa kichwa. Akafukia, akaliegemeza jembe kwenye mgomba. Nilimletea maji ya kunawa. Kahawa sikumletea, ingawa kikapu kilikuwa kimetundikwa ndani, kimejaa.

Jumapili iliyofuata mwinjilisti ndiye aliyeongoza ibada. Mchungaji aliketi benchi la nyuma, mahali pa mama, na wengine walipokwenda Mezani hakuinuka. Aliketi hapo Jumapili hadi Jumapili, mpaka alipohamishiwa usharika mwingine, nami sikupata kumwuliza kitu.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza yule mzee kama ni baraza lililomweka mchungaji kwenye benchi lile. Akasema baraza halikukaa kabisa mwezi ule. Nikamwuliza mwenzake wa baraza hilo hilo, naye sasa anaishi Kayanga. Akasema walikaa, na waliafikiana wote.