Programu Niliyoifundisha Subira

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Ila miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, pale ofisini kwetu Dodoma kila mtu alikuwa mwoga. Ukikuta bahasha ya kaki mezani, ujue ni barua ya kuachishwa kazi. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta, na nilikuwa na sababu ya ziada ya kuogopa: nilifanya kazi nyingine kwa siri, kwa simu ya mkuu wetu.

Si kazi ya malipo. Kulikuwa na programu ya seva, ile inayopokea ombi la msomaji aliye mbali na kumpelekea ukurasa wa tovuti anaoutaka. Ilitungwa na watu waliotawanyika duniani, wasiojuana hata sura, kila mmoja akichangia mistari yake, na yeyote aliruhusiwa kuitumia bure. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita mzee, alipokwenda kula mchana, nilichomeka modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, kwenye simu ya chumbani kwake, nikavuta barua pepe, nikachomoa kabla hajarudi. Laini ya nje ilikuwa hiyo tu, na jioni alifunga chumba akaondoka na ufunguo.

Programu ile ilikuwa na jambo moja lililoniudhi. Laini ya msomaji ikikaa kimya kidogo, inamkatia. Jamani! Kwa laini zetu, ulibandika chai, ikachemka, ukainywa, ndipo ukurasa ukaanza kushuka. Nikaandika mistari michache ya kuifundisha kungoja. Ingoje mpaka lini? Sikuweka kikomo. Nilikokulia, Kongwa, mgeni akichelewa chakula chake kinafunikwa, hakuna anayeuliza saa. Wenzangu wale wa mbali wakaisifu kazi yangu, ikaingia katika toleo jipya, nami nikavimba kichwa.

Ijumaa moja nilivuta barua, nikaisoma mara mbili. Fundi wa hospitali fulani ya Amerika ya Kusini aliandika kwamba wodi zao husoma majibu ya maabara kupitia programu yetu, na tangu waweke toleo jipya, inaganda mara kwa mara. Nikaelewa papo hapo. Laini ikikatika msomaji ameshaondoka, lakini seva yangu yenye subira inaendelea kumshikia kiti. Viti vikijaa watu wasiokuwepo, daktari anayetaka majibu ya mgonjwa wake hana pa kukaa. Toleo la zamani hawawezi kulirudia, lina tundu ambalo wezi wa kompyuta hupenyea. "Aliyeandika mistari hii airekebishe haraka," alimalizia. "Tuna watoto wachanga hapa."

Ee Mungu wangu, nimeua mtoto wa mtu! Alasiri nzima niliandika kikomo cha kungoja, nikajaribu, nikafuta, nikaandika upya. Nilipomaliza, nikakuta chumba cha mzee kimefungwa. Katibu muhtasi akaniambia ameshakwenda shambani kwake Chamwino, mpaka Jumatatu.

Mpaka Jumatatu! Chakula kilinishinda. Jumamosi asubuhi nikadandia lori la kwenda Chamwino. Nilimkuta mzee katikati ya uwele, peku, anapalilia. Aliponiona tu aliliacha jembe likaanguka.

"Nani amefariki?"

"Shikamoo mzee. Bado."

"Bado? Bado nani?"

Nikamwaga yote.

"Hospitali gani hiyo?"

"Hata jina silijui, mzee. Iko Amerika ya Kusini."

"Na wewe huko umefika lini?"

"Kwa simu yako, mzee."

Akaokota jembe lake. Orodha ya watakaopunguzwa kazi ilipita mezani kwake, na nilijua nimejiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wewe mwanangu una wazimu," alisema. "Watoto wa watu wanangoja, wewe umesimama kunipigia hadithi?" Akaenda kunawa miguu.

Aliendesha gari mwenyewe. Ofisini alikaa kwenye kiti cha wageni akinitazama. Modemu ikalia, laini ikakatika. Ikalia tena, ikakatika. "Piga," alisema. Mara ya nne marekebisho yakaenda, na chini yake nilikuwa nimeongeza swali moja: kuna aliyedhurika?

Jumatatu mchana jibu likaja. Yule fundi alishukuru sana. Tangu Jumapili seva haijaganda, majibu yanafika wodini. Swali langu hakuligusa. Nikamwuliza tena siku ile ile. Jumanne aliniandikia barua ndefu, yenye furaha, kuhusu toleo lijalo, na swali langu hakuligusa. Mara ya tatu sikuthubutu.

Mzee alipita mezani kwangu. "Haya, wagonjwa wetu wanaendeleaje?"

Nimelelewa nisimdanganye mkubwa. Nikamtazama usoni.

"Wote wazima, mzee."

"Mungu mkubwa!" alisema. Wiki ile nzima aliwasimulia wageni wake jinsi ofisi yetu ilivyookoa hospitali huko ng'ambo, na kila aliponiita nithibitishe, nilithibitisha.