Nukta Niliyoiweka Pabaya

Harufu ya pamba iliyoloweshwa spiriti hunirudisha nyumbani kwetu Masinya, miaka ya sitini, msimu wa mvua. Shangazi Nekesa, mhudumu wa wodi hospitalini Tororo, alikuwa ametuletea kipimajoto cha kioo, cha vipimo vya Farenhaiti, amekifunga kwa pamba hiyo ndani ya kopo. Alimwonyesha mama namna ya kukiweka kwapani, akasema, "Homa ikipita mia moja na mbili, usingoje. Mlete mtoto hospitali." Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tano, nimetoka kupata asilimia tisini katika mtihani wa desimali, na wiki nzima nilikuwa nikigawa kila kitu kwa kumi: kamba ya mbuzi, mkeka, hata kivuli changu.

Asubuhi moja mdogo wangu Taaka, mtoto wa miaka mitano, aliamka akitetemeka na kukataa uji. Mama alimpima, akanipa kipimajoto. "Ajambo, kinasemaje?" Nilikigeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Zebaki ilikuwa imevuka mia moja na kufika alama kubwa ya nne baada yake. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba baada ya namba nzima huja sehemu za kumi. "Mia moja nukta nne," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua. Mama akashusha pumzi. "Basi ni homa ndogo tu." Alimchemshia mwarobaini, akamlaza. Mimi nikaenda shule.

Adhuhuri degedege lilimshika. Jirani aliwabeba kwa baiskeli, mama amempakata Taaka kifuani. Hawakufika hata Busitema, njiani kuelekea Tororo.

Shangazi alikuja mazikoni. Alifungua kopo, akakitazama kipimajoto kwa muda mrefu, kwa maana zebaki hubaki pale ilipofika mpaka mtu aitikise, na hakuna aliyeitikisa. "Mlisoma ngapi?" akauliza. Mama akajibu kabla yangu, "Mia moja nukta nne. Ajambo ndiye aliyenisomea." Shangazi alinitazama. Akakitikisa kwa nguvu, mara tatu. "Alisoma vizuri," akasema.

Baadaye, nyuma ya jiko, alinishika mabega. "Zile alama kubwa ni digrii nzima, mwanangu. Ilikuwa mia moja na nne. Kosa ni langu, sikukuonyesha wewe. Usimwambie mama yako." Alikuwa akilia kuliko mimi.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Leo vipimajoto huandika namba vyenyewe, na mtoto wa Masinya akichemka mwili, pikipiki huitwa mara moja. Nikiiona ikipita na mama na mtoto wake, hushukuru, kisha huingia ndani nikae peke yangu. Mama yangu alifariki mzee sana. Siku zake za mwisho nilimshika mkono na kuanza, "Mama, ile asubuhi ya Taaka..." Akanikatiza, akanipapasa uso. "Ulikuwa mtoto," akasema. Mpaka leo sijui alikuwa anajua nini.