Mashallah ya Fundi

Oili ya injini haizai. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo nikikumbuka watu wazima wamelizunguka trekta wakifurahi kwamba oili yake inaongezeka, damu hunichemka. Injini inaweza kula oili, inaweza kuivuja, inaweza kuichoma ikatoa moshi wa buluu. Kuongeza haiongezi. Ukikuta kipimo kimepanda na hakuna aliyemimina, jua kuna kitu kingine kimeingia mle ndani, ama maji ama dizeli, na hakikuingia kwa wema.

Mimi ni fundi wa injini za dizeli. Gereji yangu iko mjini, Kikwajuni, na kazi zangu ni mashine za boti, jenereta za mahoteli na malori ya mchanga. Wakwe zangu wanakaa shamba, kando ya bonde la mpunga. Konde la mpunga ni la mama mkwe, alirithi kwa mama yake. Baba mkwe alikuwa mwalimu, na alipostaafu alinunua trekta kuukuu kutoka bara bila ya kuniuliza. Hilo peke yake lilinikera. Ana mkwe fundi, halafu ananunua injini kama mtu anayechagua nguo ya mtumba, kwa kutazama rangi. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu, mpya, imepakwa hadi juu ya grisi.

Wala hakuniita nilikague. Aliniita kwenye dua.

Nilifika baada ya sala ya Ijumaa, nikakuta majamvi yametandikwa uani, ubani unafuka, kahawa na halua ziko tayari kwenye sinia. Kikasomwa kisomo, trekta likanyunyiziwa marashi kwenye boneti. Mama mkwe alisimama mlango wa jiko akitazama. Masika yalikuwa yanakaribia, na konde lake lilikuwa halijaguswa. Lilikuwapo trekta jingine la kukodi likilima bonde zima kwa zamu, na zamu ya mama mkwe ilikuwa kesho yake, Jumamosi.

"Haya fundi," baba mkwe akasema, "mtazame mnyama wangu."

Injini ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi, kwa hiyo oili ilikuwa imetulia. Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili. Tena nyepesi, inatiririka kijitini kama chai. Nikainusa. Dizeli, waziwazi. Nikadondosha tone kwenye kipande cha gazeti: katikati pakabaki doa jeusi, na pembeni mwake duara la mafuta mepesi likaendelea kutanda. Gazeti lilikuwa la kujihakikishia tu, pua ilishatosha.

Ugonjwa huo naujua. Ubavuni mwa injini zile kuna pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi, na ndani yake mna kiwambo cha mpira, upana wake kama kisosi. Kikipasuka, dizeli inashuka moja kwa moja kwenye oili. Oili inakuwa maji, haikai tena kwenye chuma, na vyuma vinaanza kulana. Kiwambo unakipata Darajani kwenye maduka ya vipuri. Unakibadilisha, unamwaga oili yote, unatia mpya na filta mpya. Kazi ya asubuhi moja!

Nikafungua kinywa. Baba mkwe akaniwahi, akawageukia wageni.

"Wiki mbili nalitia moto kila siku, sijaongeza hata tone. Muuzaji kanambia halili oili, na kweli. Tena inazidi!"

"Mashallah!" wakaitikia wote. Kisha wakanitazama mimi.

Kwetu mtu hakitolei kasoro kitu kipya cha mwenziwe mbele ya watu, sembuse ubani haujazimika. Atakayethubutu ataitwa hasidi, na lolote litakaloharibika baadaye litakuwa limeharibiwa na jicho lake. Kwa mkwe ndiyo mbaya zaidi. Mkwe anakula alichoandaliwa, anasifu, anaaga.

"Mashallah," nikasema.

Baadaye nilimvuta baba mkwe pembeni. "Baba, ningependa tulipeleke gereji kwanza, kidogo tu." Maneno ya mtu mwoga. "Tutalipeleka, mwanangu, likishalima," akajibu. Neno dizeli halikunitoka. Nikanywa kahawa yangu nikarudi mjini, na njia nzima nikajiambia nitampigia simu kesho. Kesho ilipofika nikaona afadhali niende mwenyewe Ijumaa ijayo. Nikakinunua kabisa kiwambo Darajani, kikakaa mfukoni mwa ovaroli.

Jumanne nikapigiwa simu. Trekta limesimama bondeni.

Nililikuta magurudumu ya nyuma yamedidimia, plau bado imeuma udongo. Limelima mistari mitatu tu. Nikajaribu kuizungusha injini kwa mkono, haikutikisika. Nikafungua nati ya chini, oili ikatoka nyeusi, nyembamba, inametameta vumbi la chuma. Beringi zimekwisha. Injini imekufa.

"Halikuwa na kitu," baba mkwe alikuwa akimwambia kila anayepita. "Fundi mwenyewe alilitazama. Mkwe wangu huyu hapa, alisema mashallah."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananifanya shahidi wake, na hasira zikanipanda. Nilimkasirikia yule muuzaji mlaghai wa bara. Niliwakasirikia waliokula halua wakaitika mashallah bila ya kujua wanaitikia nini. Nilimkasirikia mzee mwenyewe, mwalimu mzima, anayeamini oili inazidi. Lakini wa kukasirikiwa hasa alikuwa amesimama pale na spana mkononi na kiwambo kipya mfukoni.

"Baba," nikasema, safari hii kwa sauti, "nlijua. Oili ilikuwa na dizeli. Nliinusa siku ile ile."

"Ukanyamaza?"

"Nlinyamaza."

Mama mkwe alikuwa hatua chache kutoka pale, na jembe. Akaja.

"Mwanangu," akasema, "huyu mimi simsikilizi kwa mambo ya vyuma. Siku ile nlikuwa nakutazama wewe. Uliposema mashallah, nkaitoa zamu yangu ya trekta la kukodi, nkampa jirani. Sasa lile trekta lishahamia bonde jingine, na mvua ndiyo hiyo inakuja."

Hakupandisha sauti. Laiti angenitukana.

Nikavua viatu, nikalifuata jembe la pili lililokuwa limelazwa pembeni. Akaniwahi, akaweka mguu juu ya mpini.

"La, haiwi. Mkwe halimi mbele ya wakwe zake. Wewe mgeni wetu."

Akaagiza kiti. Baba mkwe mwenyewe alikwenda nyumbani kukileta, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanzu yake, akakiweka kando ya trekta. Nikakaa. Kisha mzee akachukua lile jembe la pili, wakaanza kulima, yeye na mkewe, kuanzia pale mistari mitatu ilipoishia. Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka walikuwa hawajafika popote.

Kahawa ikaletwa. Nikasema ahsante.