Hadidja na Mwiko wa Sukari

Mimi nakaanga mikate sokoni Mangobo, ile ya mviringo ambayo mtu hununua asubuhi akaila huku anatembea. Nasema hivyo mapema ili ujue kwa nini niliudhika. Siku kaka yangu Zuberi alipomleta mkewe Hadidja kutoka Ubundu, nilimwandalia sahani nzima, ya moto, na sukari sikuibania. Aliitazama, akanirudishia kwa mikono miwili.

“Aksanti, wifi. Sukari iko mwiko ya kwetu.”

Mimi miiko ninayoijua ni ya nyama na samaki. Huyu hali kambale, yule hali swala, basi. Mwiko wa sukari sikuwahi kuusikia. Nikajiambia, huyu binti ana maringo.

Na kweli hakula nanasi, wala muwa, wala ndizi mbivu. Chai alikunywa kavu. Aliuza samaki wa moshi walioletwa na treni kutoka kwao, akicheka na wateja, na meno yake yote yalikuwa meupe, hata moja halikutoboka. Mimi nilikuwa nimeshang'olewa mawili. Hilo nalo liliniudhi.

Basi nikafanya jambo linalonitia aibu mpaka leo. Nilikanda unga, nikatia sukari vijiko vitatu, nikazidisha chumvi ili nifiche, nikamwambia, “Hii iko ya chumvi tu, nimekupikia weye.” Nilitaka ale, apende, kisha nimcheke mbele ya watu. Alikula mmoja kwa kuniheshimu. Sijageuza mingine kwenye karai, nikamwona ameshika ukuta. Jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka, akatapika hadi tumboni hakukubaki kitu. Nilimshika kichwa huku nikijua ni mimi niliyemfanyia hivyo. Usilolijua ni usiku wa kiza, lakini mimi nilikuwa nimeambiwa.

Zuberi alipomuuliza kimetokea nini, alijibu, “Samaki iliharibika.” Akaniangalia mara moja. Hakulitaja tena, na heri angenipiga kofi.

Mwaka uliofuata akapata mimba, nami nikamsindikiza kliniki, maana nilikuwa natafuta kila njia ya kujitakasa. Mkunga, Mama Ursule, alimpa chupa ya sirop, dawa tamu ya maji ya kuongeza damu. Hadidja akaisukuma taratibu.

“Bamama yote banakunywa hii,” Mama Ursule akasema. “Weye iko nani?”

“Sikatae dawa, mama. Ninakataa sukari.”

Mkunga akaanza kuandika kwamba mgonjwa ni mkaidi. Hapo ulimi wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema yote: mkate, vijiko vitatu, ukuta, matapishi. “Anasema kweli,” nikamalizia. “Ni miye nilimudanganya, na alikaribia kufa.”

Hadidja hakushtuka. Alikuwa anajua tangu siku ile. Alinishika mkono tu, nami nikalia pale kwenye benchi kama mtoto.

Mama Ursule akaweka kalamu chini, akamwita Daktari Nephtali. Daktari alimwuliza habari za kwao, naye akaeleza kwamba mamake mkubwa alikuwa hivyo hivyo, na kwamba mdogo wake wa kiume alifariki akiwa mchanga, wiki aliyoanzishiwa uji wa sukari. Tangu hapo bibi yao akasema sukari ni mwiko. Daktari akamwambia afungue mdomo. Akayatazama yale meno mazuri ambayo sukari haijayala, akatikisa kichwa polepole.

“Mama, bibi yako alikuwa na akili sana,” akasema. “Bon. Hii si mambo ya bankambo, ya wazee ya zamani. Iko ndani ya mwili.”

Akatueleza kwamba ini la Hadidja limezaliwa bila kile kinachovunja sukari ya matunda na ya mezani, na ikiingia inageuka sumu. Ni urithi, na mtoto huugua pale tu baba na mama wote wawili wanapompa. Mimba ingeweza kwenda salama kama angeulinda mdomo wake. Badala ya sirop akampa vidonge, pamoja na vingine vya kufidia matunda asiyokula, na kwenye kadi akaandika kwa wino mwekundu: asipewe sirop, na chupa ya serum, ile ya kutiwa mshipani, isomwe kabla ya kutundikwa.

Kisha akauliza kama Hadidja na mumewe wana udugu. Wanao. Bibi zao walikuwa dada. Bibi yetu alihamia mjini kabla ule mwiko haujawekwa, nao ukabaki huko Ubundu. Daktari akaivuta tena ile kadi.

“Alors, mutoto pia anaweza kuwa nayo. Akizaliwa tutatuma damu mbali, majibu itakawia. Mupaka pale ataonja maziwa ya mama tu, ile haina hatari. Hata asali tone moja, hapana.”

Miezi iliyobaki ilikuwa mizuri, nakwambia. Nilinunua karai jipya la mikate ya chumvi tupu, lisilokaribiana na sukari. Wa kwanza niliula mimi mbele yake. Hadidja akala minne, akaniuliza kwa nini nimemnyima muda wote huo. Alinenepa, akawa anatembea sokoni kama tajiri.

Zuberi alikuwa na kazi moja tu, kumwambia baba yetu, Papa Bilali. Kila siku alisema atamwambia kesho. Mtoto wa kiume akazaliwa salama, akakaa siku tatu maternité, wodi ya wazazi, na mamake, wakarudi nyumbani, na kesho yenyewe haijafika.

Papa Bilali alikuwa ameweka tende moja tangu Ramadhani, ndani ya karatasi. Kwetu mzee huitafuna, kisha humpaka mjukuu kwenye kaakaa ili utamu uwe kitu cha kwanza anachopewa na ukoo. Nilipomwona anaingia, taya lake lilikuwa tayari linatembea. Hadidja akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akanitazama. Nikasimama mlangoni.

“Papa, hapana. Hiyo inaweza kumuua.”

Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee wetu alikuwa na tende mdomoni. Alinitolea macho, akanyoosha kidole, asiweze kugomba. Nikautumia muda huo nikamweleza yote, ini, uji, mtoto wa Ubundu aliyezikwa. Zuberi alitazama viatu vyake. Baba alitafuna polepole, kisha akameza. Akakaa kitako.

“Na mujukuu wangu ataonja nini?” Sauti ilikuwa ya kuumia, si ya hasira.

“Maziwa, papa,” Hadidja akasema.

“Maziwa iko tamu?”

Hadidja akatugeuzia mgongo, akakamua kidogo kwenye kijiko, nami nikaonja. Yalikuwa matamu, zaidi ya nilivyotegemea. Baba akanawa mkono, akachovya kidole, akampaka mtoto, akamwombea dua na kumwita Baraka. Mtoto akalamba midomo, akatafuta tena kile kidole. Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kijikoni lilibaki tone. Hadidja alilitazama sana, kwa sababu kwake utamu siku zote ulikuwa mwanzo wa kutapika. Akalilamba. Akangoja, na mimi nikangoja naye, nimeshika beseni. Tumbo lilitulia.

“Alors,” akasema, “ni hii tu munapiganiaka kila siku?”

Majibu yalikuja mtoto akiwa na miezi saba. Anao urithi wa upande mmoja tu, na hautamdhuru. Hadidja alinipigia simu sokoni, akalia, akacheka, akasema nimletee mtoto mkate akianza kutafuna. Nilingoja meno yaote. Kisha nikaenda nao wa moto, wa sukari, nikamega kipande kidogo mbele ya mamake, na safari hii nilimwambia Hadidja kilichomo.