Hodi Mabegani

Magodoro yetu yalikuwa magunia. Tuliyajaza majani makavu ya migomba na maranda tuliyoomba kwa fundi seremala wa jirani, kisha tukayashona kwa kamba ya katani. Yakilowa mvua yalinuka kama zizi, na watoto walirudi nyumbani na vipande vya majani kwenye nywele, hivyo kila mzazi wa Moshono alijua mwanawe ameshinda wapi. Ni kwenye magunia hayo nilikofundisha sarakasi, na ni hapo watu walipoanza kuniita mwalimu.

Jina hilo lilinichukua muda kulizoea. Shule niliiacha mapema. Nimebeba mizigo ya wapanda mlima, nimechuma kahawa, nimeosha magari Kikatiti, nimelinda ghala la mahindi Kisongo, na hakuna mahali nilipokaa hadi watu wakazoea sura yangu. Sarakasi niliikuta Dar es Salaam. Niliwaona vijana wakibinuka mchangani, nikauliza wanafanyaje, na swali hilo moja likanikalisha huko muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Karibu kila kitu ninachokijua nilikipata hivyo: nilimuuliza mtu aliyekuwa na shughuli zake, naye akaziacha akanionyesha. Nikijaribu kuwakumbuka watu hao wote nashindwa, na huwa nasikitika kwamba wengi sikuwaaga.

Niliporudi Arusha niliruhusiwa kutumia kiwanja nyuma ya kanisa la Moshono. Walikuja watoto wa vyumba vya kupanga, na wengine wa mashambani huko juu, ambao baada ya shule hawakuwa na pa kuchezea zaidi ya barabarani. Mipira ya kurusha tuliitengeneza kwa soksi kuukuu tulizojaza mahindi. Masika yalipoingia mmoja ulisahaulika nje, ukaota.

"Mwalimu," wakaniambia, "mpira wako unataka palizi."

Kati yao alikuwapo msichana wa darasa la sita, mwembamba, mwenye adabu hadi inachekesha. Aliishi na bibi yake huko juu, kwenye kahawa na migomba. Siku ya kwanza nilipomwambia apande mabegani mwa mvulana mkubwa kuliko wote, yule aliyekuwa nguzo yetu, alisimama nyuma yake bila kuinua mguu.

"Panda," nikamwambia.

"Nitamkanyaga, mwalimu."

"Ndiyo mchezo wenyewe."

Akafikiri. Kisha akamgusa begani kwa vidole viwili. "Hodi," akasema.

"Karibu," mvulana akajibu, na wenzao wakacheka hadi wakakaa chini. Lakini msichana alipanda, akasimama juu, akanyoosha mikono kana kwamba amezaliwa huko.

Tangu hapo ikawa sheria yetu. Hakuna aliyepanda bila kupiga hodi, na aliye chini hakusema karibu mpaka miguu yake ikae sawa na mgongo uwe tayari. Mimi nilifundishwa kuhesabu moja, mbili, tatu, lakini hesabu haimuulizi mtu wa chini anajisikiaje. Hodi inamuuliza. Niliipenda sana, nikawaza kwamba tumepata kitu ambacho hakuna kundi jingine linacho.

Siku ya mavuno ilipokaribia, ile ambayo washarika huleta ndizi, mahindi na kuku kanisani, na baada ya ibada vikanadiwa nje, wazee wa kanisa walikubali tucheze kabla ya mnada. Tuliandaa piramidi: watatu chini, wawili mabegani mwao, na yule msichana kileleni. Hapakuwa na mwingine mwepesi kama yeye, wala asiyeogopa kama yeye. Bibi yake alipopata habari, akamzuia.

Nikapanda kwenda kumwona. Nilimkuta nje akichagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo mimi."

"Wa somo gani?"

"Sarakasi."

"Kubinuka."

"Na kubinuka kumo, bibi."

Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Mama yake yuko mbali kikazi. Aliniachia mtoto mzima, mikono miwili, miguu miwili. Siku akirudi namkabidhi hivyohivyo. Sasa wewe unataka kumsimamisha juu kama antena."

Nikamwomba aje atuone mara moja tu, ndipo aamue.

"Na nikiona nikakataa?"

"Nitakubali. Sitakuja tena kukusumbua."

Msichana alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alinitazama kana kwamba nimechezea kamari viatu vyake.

Bibi alikuja Jumamosi, amejifunga khanga juu ya gauni la kanisani, mwavuli mkononi. Hatukumwona akifika. Wa chini walikuwa wameshajipanga, wawili wa kati ndiyo kwanza wanatafuta pa kuweka nyayo, na mmoja aliye chini akinung'unika, "We, mguu wako mzito kama ng'ombe wa Kisongo." Msichana alikuwa mbele yao, mguu mmoja umeshagusa paja la nguzo yetu, akisubiri watulie ndipo apige hodi.

Sasa bibi alikuwa mtu wa adabu. Hakuweza kuingia kiwanja cha watu hivihivi. Akasimama kwenye ua wa michongoma, akaita, "Hodi hapa."

"Karibu," wakajibu wote watatu wa chini.

Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Mtoto aliyelelewa huku akisikia hodi, mdomo humjibu mgeni kabla kichwa hakijaambiwa. Msichana akasikia karibu. Akapanda.

Wa kati mmoja aliyumba, akamshika mwenzake, na piramidi yote ikashuka kama ukuta wa tope. Gunia moja likapasuka na majani ya migomba yakatujaa machoni. Nilipoweza kuona tena, msichana alikuwa amesimama. Alianguka kama nilivyomfundisha, kidevu kifuani, bega kwanza, akabiringika, akainuka. Wengine walikuwa bado wamelaliana wakitafuta miguu yao.

Bibi alishafika katikati ya kiwanja. "Nani kamwambia apande?"

Msichana akajikung'uta majani.

"Nilisikia karibu, bibi," msichana akasema.

"Ulipiga hodi?"

"Sikupiga."

"Aliyepiga ni nani?"

Mvulana wetu mkubwa alikuwa chini kabisa, mwenzake amemkalia mgongoni. Akainua kichwa kutoka kwenye majani. "Ni wewe, bibi," akasema. "Shikamoo."

Bibi akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mabega yalimtikisika kwa muda. "Marahaba," akajibu hatimaye.

Kisha akamvuta mjukuu wake, akamkagua viwiko na magoti polepole, kama alivyokuwa akichagua maharage. Alipomaliza akanigeukia.

"Mwalimu, karibu ni salamu tu. Hata muuza dagaa akibisha namwambia karibu, na simtaki ndani. Mtu ninayetaka aingie, namwambia pita."

"Nimesikia, bibi. Na jibu letu?"

"Njoo nyumbani ibada ikiisha kesho." Akaondoka na mjukuu wake.

Jioni ile watoto walijaribu neno hilo bila msichana wao. Hodi. Karibu. Halafu anayetaka kupanda anasubiri, hata mguu hainui, mpaka aliye chini aseme pita. Hadi leo ndivyo tunavyopanda, na mtu akipiga hodi kwenye michongoma tunamkaribisha bila kuangushana. Lakini jioni ile sikuwa na hakika kama kuna kesho ya kundi. Kuna mtu alishaniambia kuhusu kazi Kisongo, na najijua: jambo likikwama mahali, miguu yangu huanza kuwasha. Nilijiambia bibi akikataa nitafungasha, na safari hii nitaaga.

Kesho yake nikasimama mlangoni kwake. Mlango ulikuwa wazi nusu, na ndani nilisikia vikombe.

"Hodi."

"Karibu," bibi akajibu.

Sikusogea. Milango mingi imenikaribisha katika kuzunguka kwangu, na kwa kila mmoja nashukuru, maana nilikula na nikalala. Ila sikumbuki kama niliwahi kusimama kusubiri neno la pili. Nilikuwa mwepesi wa kuingia na mwepesi wa kutoka. Nikabaki pale kizingitini, mikono nyuma, kama mwanafunzi wangu mwenyewe. Ndani, msichana alinong'ona kitu, akanyamazishwa. Kikombe kikawekwa mezani.

"Pita, mwalimu," bibi akasema. "Na hii suruali yake ya michezo, uniambie kama ni ndefu vya kutosha."