Rangi Nyekundu Kwenye Taa za Kinanda

Mwezi uliopita nilishuka Makambako kusubiri lori la kwenda Tunduma, nikazunguka upande wa stesheni kutafuta kibanda cha fundi redio. Hakipo, rafiki yangu. Sasa kuna duka la vioo na milango ya aluminiamu. Nilisimama pale na begi langu, aibu ya zamani ikanishika.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Vitu vilikuwa vimejaa madukani ghafla, na nusu yake vilikuwa vya uongo. Mtu akinunua saa sokoni Njombe, aliiweka sikioni njia nzima kusikiliza kama bado inatembea. Hata viazi vyetu vikiteremka Makambako, kila mkulima alipaka rangi yake kwenye mdomo wa gunia, maana gunia nono liliweza kupanda lori na kushuka limekonda.

Mwaka huo kanisa letu lilipata kinanda kipya cha plastiki, chepesi hata mtu angekibeba kwapani. Kile cha zamani, cha mbao na umeme wa jenereta, ambacho bibi yangu aliimba nacho tangu usichana wake, kikasukumwa stoo pamoja na majembe. Kwaya ilikuwa pia na gitaa la besi, ila halikuwa na amplifaya. Ukilipiga lilinong'ona tu, kama mtu anayesengenya.

Bibi ndiye aliyesema kwamba tumboni mwa kinanda cha zamani kuna sanduku la chuma lenye taa sita za kioo za kukuza sauti, kama zile za redio za zamani, na kwamba fundi mmoja wa Makambako, aliyemtengenezea redio, anaweza kuligeuza liwe amplifaya ya besi.

"Mtu wa kuja huyo," akasema mzee wa kanisa. "Ameletwa na treni. Atatubakizia boksi, taa atazitia kwenye redio za watu."

Bibi akasimama. "Mimi namjua. Siku tukidanganywa katika jambo hili, naacha kwaya."

Wakakubali apelekewe sanduku. Bibi alikuwa ameimba sauti ya pili tangu hajaolewa.

Kesho yake mzee wa kanisa aliniita stoo. Alikuwa na kopo la rangi ya mafuta iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. "Wewe una mkono mwepesi," alisema. "Kila taa mstari mmoja. Ni kama magunia tu. Na bibi yako asijue." Nilipaka kwa unyoya wa kuku, kwa furaha, nikijiona askari.

Tuliposafiri na bibi kulipeleka sanduku Makambako, alikwenda kumsalimia dada yake, mimi nikabaki kibandani. Palinuka risasi ya kuunganishia nyaya iliyoyeyuka na chai ya tangawizi. Fundi alikata nyaya zilizotoka kwenye vibao vya kinanda, akang'oa kapasita zilizokauka, akatoboa tundu la kuchomekea gitaa. Nilitaka kujua kila kitu, lakini sikuuliza kitu. Niliikodolea macho mikono yake.

"Mjukuu, unanihesabu vidole?"

"Hapana, Fundi."

"Hesabu tu. Asubuhi vilikuwa kumi."

Alipoiona mistari myekundu alitikisa kichwa. "Wazungu bwana! Kila kitu wanakiwekea alama." Nilitazama chini. Umeme ulirudi kwa dakika chache, akajaribu, besi ikanguruma, umeme ukakatika tena. Akaridhika.

Jumapili alikuja mwenyewe na amplifaya yake, baada ya ibada. "Kamwene, Mama," alimsalimia bibi kwa Kibena, na akina mama wakacheka matamshi yake. Jenereta ikawashwa. Ubeti wa kwanza madirisha yalitetemeka, watoto wakashika matumbo yao. Ubeti wa pili moshi ukaanza kutoka.

"Nilisema!" mzee wa kanisa alipaza sauti. "Ameweka taa mbovu!"

Fundi alizima. Alinusa. Akachomoa taa moja kwa kitambaa, akaikwangua kwa ukucha. "Hii inayoungua ni rangi ya mlango," akasema taratibu. Kisha akageuka, akatazama mlango wa kanisa.

Wazee wakainamisha vichwa, mwalimu wa kwaya akajitia kufunga kitabu cha nyimbo. Ndipo nikaona kwamba wazee wote walijua, na mwalimu wa kwaya pia. Aliyekuwa hajui ni bibi peke yake.

Fundi aliomba spiriti, akazisafisha zote sita, akazirudisha. Besi ikatoka safi kuliko mwanzo. Mzee wa kanisa hakuomba radhi. Aliinama akazihesabu taa, moja hadi sita, mbele ya fundi mwenyewe. Fundi akafunga begi lake, akamuaga bibi tu, na hakurudi tena kwetu.

Alhamisi, siku ya mazoezi, mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani. "Mama, tunakusubiri. Fundi hakutudanganya hata kidogo."

"Sikusema fundi," bibi alijibu, akiendelea kumenya viazi. "Nilisema tukidanganywa."

Hakuimba tena na kwaya. Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, midomo imefungwa, huku besi ikinguruma chini ya sauti za wenzake. Nilipanga kumwambia ni nani aliyepaka, kila mwaka nikapanga, hadi nilipoacha shule na kushika barabara. Alifariki nikiwa Songea. Hata sasa nikimpelekea fundi simu, nakaa mbele yake, natazama mikono.